Hashim Khan: mwokota mipira wa Peshawar aliyekuja kuwa mwalimu wa dunia

Aliacha masomo angali mtoto. Alifundisha maafisa wa Kiingereza skwashi miaka mingi kabla dunia haijasikia jina lake. Alipofika London mara ya kwanza kushindana, mwaka wa 1951, alikuwa na umri ambao wachezaji wengi wamekwisha kuweka raketi chini. Akashinda, na akaendelea kushinda mpaka mara 7. Haya ni maisha ya Hashim Khan wa Pakistani.

Mchezo wa ndani ya kuta nne

Huku kwetu skwashi haijulikani sana, kwa hiyo ni vizuri kueleza kwanza namna inavyochezwa. Watu wawili wanaingia ndani ya chumba kimoja chenye kuta nne. Urefu wake ni mita 9 na sentimita 75, upana mita 6 na sentimita 40. Hawaangaliane uso kwa uso sawa vile kwenye tenisi. Wote wawili wanaangalia ukuta wa mbele.

Kila mmoja, kwa zamu yake, anapiga kampira kadogo kwa raketi. Ni lazima kagonge ukuta wa mbele, na mwenzake akarudishe kabla hakajadunda chini mara ya pili. Kanaweza pia kupitia kuta za pembeni na ule wa nyuma, njo maana mchezaji anakimbia kila upande, mbele, nyuma, kwenye kona, bila kupumzika. Zamani seti ilikuwa ya pointi 9, na mwenye kushinda seti 3 ndiye alikuwa mshindi.

Mchezo huu ulianzia Uingereza, kwenye shule ya Harrow, katika karne ya 19. Kiisha wanajeshi wa Kiingereza wakaubeba mpaka kwenye makoloni yao. Kila mahali walipojenga kambi kubwa, walijenga pia klabu ya maafisa, na ndani ya klabu, viwanja vya tenisi na skwashi. Peshawar ilikuwa muji wa namna hiyo, karibu na mpaka wa Afganistani, wakati Pakistani ilikuwa bado sehemu ya India chini ya mukoloni Muingereza.

Mtoto wa juu ya ukuta

Hashim alizaliwa katika kijiji cha Nawakille, karibu na Peshawar, kwenye jamii ya Wapashtuni. Tarehe yake ya kuzaliwa haikuandikwa popote. Ni kama wazee wengi wa huku ambao kwenye kipande chao kuliandikwa tu mwaka wa kukadiria. Kwake yeye walichukua mwaka wa 1914.

Baba yake, Abdullah Khan, alikuwa mkubwa wa watumishi kwenye klabu ya maafisa pale Peshawar. Alikuwa akimpeleka mtoto kazini, na kule njo Hashim alionea skwashi kwa mara ya kwanza. Viwanja vya wakati ule havikuwa na paa. Mpira ukipigwa juu sana ulitoka inje, kwa hiyo kulihitajika watoto wa kuukimbilia na kuurudisha. Wale watoto walikaa juu ya ukuta, jua likiwapiga, wakiangalia wazungu wakicheza chini yao.

Hashim alikuwa bado mtoto wa karibu miaka 11 wakati baba yake alikufa kwenye ajali ya gari. Masomo yakaishia pale. Akabaki na kazi ya kuokota mipira na kusafisha viwanja. Msomaji aliyeona watoto wanaofanya kazi hiyo kwenye tenisi anajua hali yao: wanaujua mchezo vizuri, lakini uwanja si wao.

Uwanja ulikuwa wa Hashim wakati ambao wengine hawakuutaka. Maafisa walipokimbia jua kali la mchana, au walipomaliza mchezo na kwenda zao, yeye aliingia. Hakuwa na viatu. Raketi ilikuwa ile iliyotupwa, na mpira ulikuwa umepasuka. Mara nyingi hakuwa na wa kucheza naye, kwa hiyo alijigawa mwenyewe: anapiga mpira kama Hashim wa kwanza, anaukimbilia kama Hashim wa pili. Kwa mchezo wa namna hii mtu anakimbia mara mbili kuliko kawaida. Ile mbio iliyokuja kushangaza Wazungu London ilianzia hapo.

Mwalimu asiyehesabiwa kati ya wachezaji

Mwaka wa 1942, katikati ya vita vikubwa vya pili vya dunia, Hashim alipata kazi ya ukocha kwenye klabu ya maafisa wa jeshi la anga la Uingereza pale Peshawar. Kwa mtu ambaye hakumaliza shule, hayo yalikuwa maendeleo. Lakini inafaa kueleza vizuri maana ya hiyo kazi, juu leo neno mchezaji wa kulipwa linatufikirisha magari na nyumba kubwa.

Kwenye klabu za Kiingereza za wakati ule, mambo yalikuwa kinyume. Bwana alicheza bure, kwa kujifurahisha. Mwenye kulipwa alikuwa mtumishi sawa na mpishi au mtunza bustani. Kazi yake ilikuwa kufundisha, kurekebisha raketi, kutunza uwanja, na kucheza na afisa aliyekosa mwenzake. Hata mashindano yalikuwa yamegawanywa: ubingwa wa wasiolipwa ulifungwa kwa watu kama Hashim. Mwalimu alimzidi mwanafunzi kwa kila kitu uwanjani, lakini mchezo ukiisha kila mmoja alirudi kwenye nafasi yake.

Hapa kuko jambo la kutazama katika maisha ya Hashim. Watu wengi husema alikuwa bingwa kiisha akawa kocha. Kwa kweli ukocha ulitangulia. Alifundisha miaka karibu 9 kabla ya kupewa nafasi ya kujipima na wakubwa wa dunia, na alikuwa akiwafundisha wale wale ambao milango yao ilikuwa imefungwa kwake.

Mwaka wa 1944 kulikuwa mashindano ya India nzima, kule Bombay. Hashim alikwenda, akashinda. Aliyemshinda ni Abdul Bari, mtu wa upande wake mwenyewe wa Peshawar, ambaye alikuwa na jina kubwa Bombay. Miaka miwili iliyofuata Hashim alilinda ule ubingwa.

Mpaka unawagawa

Mwezi wa 8 mwaka wa 1947, Uingereza iliondoka na India ikagawanywa kuwa inchi mbili. Peshawar ikaangukia Pakistani. Abdul Bari alibaki India, Bombay. Watu waliotoka eneo moja, waliojifunza mchezo kwenye viwanja vya namna moja, wakajikuta na bendera mbili. Watu wa mipakani wanaelewa jambo hilo bila maelezo mengi.

Hashim akaendelea na kazi, sasa kwa jeshi la anga la Pakistani. Mwaka wa 1949 akawa bingwa wa inchi yake mpya. Umri ulikuwa unakwenda: alikuwa na bibi, watoto, na miaka 35 kwa kukadiria. Ingeweza kuishia hapo.

Kiisha mwaka wa 1950 habari ikafika kutoka London. India ilimtuma Abdul Bari kwenye mashindano yanayoitwa British Open. Wakati ule hakukuwa bado ubingwa rasmi wa dunia, kwa hiyo mshindi wa British Open ndiye alihesabiwa kuwa mkubwa wa wote. Bari alifika mpaka finali. Akashindwa na Mmisri Mahmoud Karim, ambaye alikuwa amechukua kombe hilo kila mwaka tangu 1947.

Hesabu ya Hashim ilikuwa rahisi. Bari, ambaye yeye alikuwa akimshinda, amefika finali ya dunia. Basi yeye mwenyewe angefika wapi? Alianza kuomba atumwe. Lakini tikiti ya ndege haikuwa jambo la mtu wa mshahara mdogo, na Pakistani ilikuwa inchi changa yenye shida nyingi. Wenye kumsikiliza walikuwa wakubwa wa jeshi la anga, waliomwona akicheza kila siku. Kwa msaada wao feza ikapatikana, na mwaka wa 1951 Hashim akapanda ndege kwenda Uingereza.

London, 1951

Aliyeingia uwanjani London hakuwa na sura ya bingwa. Alikuwa mfupi, hakufika mita 1 na 70. Kichwa kilikuwa kimeanza upara. Alikuwa na miaka 37 hivi. Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Mpinzani wake wa finali, Karim, alikuwa mrefu, mwenye mchezo wa kupendeza macho, bingwa wa mara 4 mfululizo.

Seti ya kwanza Hashim akashinda 9 kwa 5. Seti ya pili 9 kwa 0. Seti ya tatu tena 9 kwa 0.

Karim alikuwa akiweka mpira mahali ambapo mtu wa kawaida haufikie, lakini Hashim alikuwa amekwisha kufika pale. Mtu ambaye utotoni alijikimbiza mwenyewe uwanja mzima, sasa alikuwa na mtu mmoja tu wa kukimbiza. Mwaka wa 1952 wakakutana tena kwenye finali, na Hashim akashinda tena seti 3 bila kupoteza hata moja.

Pakistani ilikuwa na miaka 4 tu tangu izaliwe. Haikuwa bado na majina mengi ya kuonyesha dunia. Mtumishi wa klabu ya Peshawar akawa shujaa wa inchi nzima.

Hakutaka kushinda peke yake

Watu wengine, mlango ukifunguka, wanapita na kuufunga nyuma yao. Hashim alifanya tofauti. Alikuwa na mdogo wake, Azam, ambaye kazi yake ilikuwa kufundisha tenisi. Hashim akamvuta kwenye skwashi, akamfundisha yeye mwenyewe, akaenda naye Uingereza.

Matokeo yakaonekana haraka. Mwaka wa 1954 finali ya British Open ilikuwa ya ndugu wawili, Hashim na Azam. Mwaka wa 1955 tena wao. Mara zote mbili ilichukua seti 5 mkubwa amshinde mdogo. Mwalimu alikuwa amemfundisha mwanafunzi mpaka karibu aangushwe naye.

Mwaka wa 1956 Hashim alimshinda mtu wa jamaa yao, Roshan Khan. Mwaka wa 1957 Roshan akalipiza, akachukua kombe. Mwaka wa 1958 Hashim akalirudisha kwa kumshinda Azam. Hiyo ilikuwa mara ya 7, na umri wake ulikuwa miaka 44 hivi. Hakuna mtu aliyepita hesabu hiyo mpaka mwaka wa 1981, wakati Geoff Hunt wa Australia alipochukua kombe kwa mara ya 8.

Kiisha ikawa zamu ya Azam: 1959, 1960, 1961 na 1962. Mwaka wa 1963 akashinda Mohibullah Khan, mtoto wa dada yao. Ukihesabu kutoka 1951 mpaka 1963, ni miaka 13 mfululizo ambayo kombe la dunia la skwashi halikutoka ndani ya jamaa moja.

Kufundisha Amerika

Swali ambalo watu wa Pakistani walijiuliza linafanana na lile ambalo huku kwetu watu hujiuliza kila mara mchezaji au mwalimu mwenye akili anapopanda ndege: kwa nini aondoke?

Jibu lilikuwa ndani ya nyumba yake. Hashim alikuwa na watoto 12. Feza ya zawadi kwenye skwashi ya miaka ile ilikuwa kidogo sana, na sifa hazipikwe kwenye sufuria. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 klabu moja ya Detroit, Marekani, ilimwita akawe kocha wake, kwa mshahara ambao hakuna mtu wa Peshawar angeweza kumpa. Akakubali, na jamaa ikahamia kule.

Marekani haikuwa rahisi pia. Skwashi yao ilikuwa nyingine: mpira mgumu zaidi na wa mbio zaidi, uwanja mwembamba zaidi. Hashim alikuwa ameonja ugumu huo mwaka wa 1954, alipocheza kwenye US Open ya kwanza, akafika finali, akashindwa na Henri Salaun wa Boston. Hakukasirika kwa kusema mchezo wao si mchezo. Alijifunza upya kama mwanafunzi, na akaja kuchukua US Open mara 3.

Njia yake ya kufundisha haikuwa na maneno mengi. Jicho lisiachane na mpira, hata wakati mpira uko nyuma pamoja na mpinzani. Ukimaliza kupiga, usisimame kutazama kazi yako, rudi katikati ya uwanja, juu kutoka katikati kona zote ni karibu. Fika mapema ili upate nafasi ya kuchagua. Mwaka wa 1967 mafundisho yake yalitoka katika kitabu, kilichoandikwa kwa msaada wa Mmarekani mmoja, na namna yake ya kusema Kiingereza ikaachwa ilivyo. Mtoto aliyeacha masomo kwa umasikini akawa na jina lake juu ya kitabu.

Kutoka Detroit alihamia Denver, kwenye jimbo la Colorado, akawa kocha wa klabu ya kule. Denver ilikuwa makao yake mpaka mwisho. Wanafunzi wake walikuwa mawakili, wafanyabiashara, waganga, watu wa feza. Kwa sura ya inje ni kazi ile ile ya Peshawar: masikini wa zamani anafundisha matajiri mchezo wao. Lakini hapa walimfuata yeye, kwa jina lake, na mashindano ya klabu yakapewa jina la Hashim Khan.

Mbegu zilizoenea

Nyumbani pia kazi iliendelea. Watoto wake wengi waliingia skwashi. Mkubwa wao katika mchezo, Sharif, alichukua ubingwa wa wazi wa Amerika ya Kaskazini mara 12.

Jamaa nao walienea kama walimu. Azam alibaki London akiongoza klabu yake. Mohibullah alikwenda kufundisha Boston. Nasrullah Khan, ndugu ya Roshan, alikuwa mwalimu London, na kati ya wanafunzi wake alikuwa Jonah Barrington, ambaye alichukua British Open mara 6. Barrington alijinoa pia kwa kucheza na Azam. Kwa hiyo hata Wazungu walipoanza kushinda tena, mkono wa Peshawar ulikuwa ndani.

Kiisha Roshan akazaa Jahangir Khan. Huyo alichukua British Open mara 10 mfululizo, kutoka 1982 mpaka 1991. Baada yake akaja Jansher Khan, mtoto wa kijiji kile kile cha Nawakille, akachukua mara 6, kutoka 1992 mpaka 1997. Kijiji kimoja kidogo, na orodha ya mabingwa ambayo miji mikubwa ya dunia haina.

Kuko jambo la kufikiri hapa. Elimu hii haikutoka kwenye chuo. Ilitoka mkononi kwenda mkononi: mkubwa kwa mdogo, mjomba kwa mpwa, baba kwa mtoto. Nguvu yake ilikuwa hiyo, na udhaifu wake pia. Walimu wakubwa walitawanyika, Detroit, Denver, London, Boston, na tangu Jansher mwaka wa 1997, hakuna mwanaume wa Pakistani aliyechukua tena British Open. Mtu hawezi kumlaumu baba wa watoto 12 kwa kufuata mshahara. Lakini inchi inayotaka mabingwa inapaswa kujiuliza inawalipa nini walimu wao.

Mzee asiyeacha raketi

Hashim aliendelea kuingia uwanjani hata nywele zilipoisha na magoti yalipochoka. Alicheza mashindano ya wazee, na watu walilipa kumtazama mzee mwenye zaidi ya miaka 80 akiweka mpira kwenye kona ambapo vijana hawakuutazamia.

Alikufa tarehe 18 mwezi wa 8 mwaka wa 2014, kule Aurora, karibu na Denver. Kwa hesabu ya ule mwaka wa kukadiria, alikuwa na miaka 100. Peshawar, jeshi la anga lilipa jina lake kwa viwanja vya skwashi vya kisasa. Vijana wa Nawakille wanaokwenda kujifunza pale wanaingia kwa mlango wa mbele, wakiwa na viatu miguuni, na hakuna anayewaambia wasubiri mpaka maafisa wamalize.